Sahani ya Tatu

Wanawake waliofikiria kudai talaka walikwenda kwa Bi Raya, naye hakumwambia mtu rudi wala toka. Aliwapikisha tu.

Siku hiyo Salha alipika wali wa nazi, macho yamemvimba. Ijumaa mumewe alitaka jibu: anabaki au anaondoka.

"Haya mwanangu, pakua sahani tatu," alisema Bi Raya. "Ya mumeo, ya mwanamke mwenzio, tuseme amekuja kwako analia, na yako."

Salha akampakulia mume wali mweupe wa katikati. Mwenzie naye akampakulia huo huo, akamwongezea na mchuzi. Kisha akakwangua ukoko ulioungua, akautia katika sahani yake.

"Kitendawili," akasema Bi Raya.

"Tega."

"Nyumba nzima nailisha, mmoja namkwangulia."

Salha akafikiri. "Sijui. Chukua mji wote huu."

"Mji wenu una vumbi, siutaki. Ni wewe."

Salha akacheka. "Bi Raya nawe! Mimi ukoko naupenda."

"Umeanza kuupenda lini?"

Kicheko kikakatika. Miaka kumi na minane ya ndoa, na hakukumbuka. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye masizi.

"Jibu la Ijumaa silijui mimi," alisema Bi Raya taratibu. "Nataka tu atakayelitoa awe amekula."

Wali ulikuwa bado unatoa mvuke. Salha akatazama mlangoni, kisha akanyoosha mkono, akaivuta sahani ya yule mwanamke anayelia, polepole, kama anayeiba.