Tafuta Kiungo

Baba alimkaba mama shingo mchana kweupe, hapo hapo buchani kwetu. Mteja pekee aliyekuwepo alijifanya anachagua maini.

Mimi nilikuwa natoa mfupa kwenye paja la ng'ombe. Baba ndiye aliyenifundisha. "Usishindane na mfupa, mwanangu," alizoea kuniusia. "Mfupa ni jeuri, utakuharibia kisu. Tafuta kiungo kwa kidole gumba, halafu kata taratibu."

"Baba, mwachie mama!"

"Funga domo! Nikimaliza na huyu, zamu yako."

Macho ya mama yalikuwa yameanza kugeuka meupe. Nikamshika baba kifundo cha mkono kwa mkono wangu wa kushoto. Akacheka, akidhani nataka kumvuta.

Sikumvuta. Kidole gumba changu kilitambaa juu ya kifundo chake, kikauruka mfupa, kikazama mahali palipo laini. Hapo nikakisogeza kisu.

Kicheko kikamkatika. Kidole kile alikijua. Ni yeye aliyekifundisha.

"Mwanangu," akasema.

"Taratibu, baba," nikamjibu. "Si ulisema taratibu?"