Bingwa wa Mishipi

"Na nje ya maji, mshipi huu unaonekana?"

Haruna alicheka mpaka akashika kaunta. Miaka kumi na mbili anauza vifaa vya uvuvi Kariakoo, hajawahi kuulizwa upuuzi wa namna hiyo. Samaki gani huyo, dada, anayevuliwa hewani?

Mteja, mama wa makamo aitwaye Zena, hakununa. Alisema tu kwamba wiki iliyopita mshipi wake ulikatika mbele za watu, na ukikatika tena, basi tena, kazi hana.

Haya, Haruna akaanza darasa. Madarasa hayo ndiyo yaliyomkimbiza mkewe, Siwema, akarudi kwao. Alichoka kufundishwa hata kukaanga yai. Tangu hapo bwana mkubwa hali, halali. Leo saa kumi ana miadi Msimbazi na mtu aliyeapa kumrudisha.

Mshipi wa kusuka, alieleza, una nguvu balaa, haunyumbuki, lakini unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Wa floro, ule wa plastiki angavu kama kioo, unateleza kuufunga, ila ukishautupa, kwaheri, huuoni. Zena akauliza kama floro unabeba kilo mbili bila kutikisika, na kama unang'aa kwenye taa ndogo.

"Samaki wangu wajuaji," alisema kwa upole. "Wanakuja wamekodoa macho."

"Mjuaji hanisumbui mimi," Haruna akajigamba. Akamchagulia wa floro mwembamba kuliko yote, akamfundisha na kulowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Mama wa watu akashukuru sana, akaondoka mbiombio.

Saa kumi kamili Haruna alikuwa Msimbazi, kwa mganga, ameketishwa hatua tatu mbele ya pazia jeusi. Taa ilikuwa imefifizwa. Alitangaza mapema kabisa kwamba yeye si wa kudanganywa kitoto, haamini mpaka aone. Mganga akamjibu kuwa mizimu ikiridhia Siwema arudi, kibuyu kile pale kitainuka chenyewe.

Kibuyu kikainuka. Taratibu, bila kutikisika.

Haruna alikichunguza juu, akakichunguza chini, akainama kabisa kukitazama ubavuni. Hakuna kamba, hakuna uzi, hakuna chochote. Machozi yakamtoka. Akapiga magoti, akatoa simu, akampigia Siwema palepale.

"Fungasha, mke wangu. Nimehakikisha mwenyewe."