Chumvi Iliyompita Twiga

Katika nchi ya Simba, chumvi ililambwa na aliyeitolea jasho. Fuko waliichimba pangoni, Twiga akaibeba, na jioni kila mmoja alilamba fungu lake. Iliyobaki ilirundikwa uwanjani, na kila mwaka Twiga alisimama kando ya rundo ili wote waone limefika wapi. Halikuwahi kumpita magoti.

Ndipo akaja Tembo. Kwa pigo moja la pembe zake ukuta wa pango ulianguka, na mkonga wake ukafanya kazi ya fuko mia. Wanyama wakabaki vinywa wazi.

"Fuko, nendeni mkapumzike," akasema Simba. "Nawe Twiga pia. Tutakuita siku ya kupima."

Rundo likapanda mpaka likawa linang'aa hadi ng'ambo ya mto. Fuko mmoja akamwendea Simba.

"Mtukufu, limekua hivi kwa sababu walambaji tumepungua."

"Huo ni wivu," Simba akamjibu. "Wewe maisha yako yote ulichimba kiasi gani?"

Siku ya kupima Twiga alikuja polepole, mbavu zikihesabika, maana mwaka mzima hakuonja chumvi. Akasimama kando ya rundo, likamfika kifuani. Kisha akaanguka, shingo yake ndefu ikalala mchangani.

Kasuku, mpiga mbiu wa Simba, akatazama kilele, macho yamemtoka.

"Jamani! Imempita Twiga kichwa!"

Uwanja mzima ukainua macho kwa mshangao, na hapana aliyetazama chini.