Nimeisoma Mara Mbili

Nchi hii haina mwandishi wa mambo ya ajabu anayenifikia. Sawa, nimeandika hadithi moja tu, na shule niliishia darasa la saba.

Hiyo moja niliipeleka kwenye tuzo ya taifa ya hadithi fupi za fantasia. Inahusu cherehani inayowashonea wafu mabawa. Waliikataa, nikawafuata ofisini.

"Bibi, sisi tunataka fantasia," alisema jaji mkuu. "Wewe umeandika umbea wa majirani."

Kurasa mbili za mwanzo ni umbea kweli. Mgeni huwezi kumrusha angani kabla hajakaa.

"Umeisoma yote, mwanangu?"

"Mara mbili! Mpaka nukta ya mwisho."

"Basi nisomee pale mabawa yanaposhika moto. Hawa makarani wako wakinicheka, naondoka."

Makarani wawili waliacha kuchapa. Jaji alivaa miwani, akafunua ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Wa tatu ukagoma. Alilamba kidole, akajaribu tena.

Mimi ni fundi wa nguo. Kabla ya kuipeleka, nilizipiga bandi pembeni kurasa zote kuanzia wa tatu, kwa uzi mweupe mwembamba. Wa kusoma angeukata. Uzi ulikuwa mzima, haujalegea hata kidogo.

Nilimwekea mkasi wangu mezani.

"Mimi... nilisoma nakala nyingine," alisema.

"Nakala ipi, baba? Nimeiandika kwa mkono, na ni hiyo moja tu."