Gauni la Ghanima

Enzi hizo hariri iling'aa kulingana na mali ya aliyeivaa. Uchumi ulipodorora, Salha, fundi wa kushona magauni ya hariri, alibaki na mteja mmoja tu: Ghanima, mdogo wake aliyeolewa na tajiri. Kila Ghanima alipojaribu gauni, chumba kizima kiliwaka, na Salha akaumia roho. Aliwahi kulivaa moja kwa siri, likafifia mwilini mwake kama tambara la jikoni.

Asubuhi moja Ghanima alisimama mbele ya kioo, na gauni jipya halikuwaka.

"Dada, umekosea kushona?"

"Sijakosea, mdogo wangu," Salha alijibu, akificha tabasamu.

Ghanima akalivua taratibu. "Basi silichukui. Wala usinishonee jingine."

Alipoondoka, Salha aliitazama cherehani yake, tabasamu likamkauka mdomoni.