Picha ya Kampuni ya Maegesho

Wakili alikuwa ameshamfunda Bi Siwema: akane kuwa gari ni lake. Kwenye picha ya kampuni namba haisomeki, na kesi hii ya kuegesha bila kulipa, ya miaka saba nyuma, itakufa papo hapo.

Karani akamkabidhi picha. Bi Siwema akavaa miwani. Nyuma ya usukani alilala marehemu mumewe, mdomo wazi, akimsubiri atoke kliniki. Mtu yule alikimbia kamera maisha yake yote. Nyumbani hakuacha picha hata moja.

“Mama, gari hili ni lako?” hakimu aliuliza.

Wakili akakohoa.

“Ni letu, mheshimiwa. Na huyo aliyelala ni wangu.”

Karani akanyoosha mkono aichukue picha. Bi Siwema alikuwa bado anaifuta vumbi kwa pindo la kanga.