Kiapo cha Lugha

Raisa aligusa shavu la mwanawe aliyeuawa katika vita dhidi ya Urusi. Lilikuwa baridi, na wembe ulikuwa umeacha vinywele chini ya kidevu.

"Muage, mama," alisema kijana wa chama cha wazalendo wa Ukraine alichojiunga nacho marehemu, akinyoosha bendera yao nyekundu na nyeusi juu ya jeneza. "Ila si kwa Kirusi, tafadhali. Alikula kiapo cha kuiacha lugha hiyo."

Kiapo hicho Raisa alikijua. Mwaka mzima, nyumbani kwao katika mji wa Kharkiv, mwanawe hakumjibu kila aliposema naye kwa Kirusi, lugha aliyomlea nayo, naye Raisa kwa ukaidi akakataa kusema Kiukraine.

Sasa akainama, akasema kwa Kiukraine safi, "Mwanangu, supu inapoa. Njoo ule."

Vijana wa chama waliozunguka jeneza wakavua kofia. Raisa hakuinuka. Alitega sikio kwenye midomo ya mwanawe, akingoja jibu.